Kwa Dubow, Kuhusu Shingo Yangu na Namba Niliyoificha

Dubow, walaal, ndugu yangu,

Assalaam aleikum huko uliko. Anayekuandikia leo si yule Mahat uliyemwacha. Huyu wa sasa ana chuma kingi shingoni kuliko daraja la Tana, na siku aliyopasuliwa soko la ngamia la Garissa lilisimama kabisa. Wanunuzi walikaa chini wakashika tama. Hata ngamia wenyewe, wallahi, walikataa maji. Daktari aliyenipasua ni bingwa, ameshapasua mawaziri na majenerali, lakini alipoifungua shingo yangu alirudi nyuma hatua mbili akasema hajawahi kuona mfupa mnene namna hii. Mimi sikumsikia, nilikuwa nimelazwa kwa dawa ya usingizi, lakini mtu anaposifiwa huhisi tu.

Najua hapa ungeshatikisa kichwa na kusema, "Mahat, punguza." Miaka ishirini umeniambia punguza. Sasa hakuna wa kuniambia, na uongo wangu unanenepa kama mbuzi wa Idd.

Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la sita, lakini lile la sita la zamani, ambalo ni sawa na chuo kikuu cha siku hizi. Tena naandika kwa mkono wa kulia. Ule ule. Tulia, nitafika hapo.

Ni wewe uliyeanzisha mambo ya hii shingo. Siku ile ya ngamia dume wa shemeji yako, alipokuja mnunuzi kutoka Banissa. Tulifunika mikono kwa shali kama kawaida yetu madalali, bei iongewe kwa vidole na waliotuzunguka wasijue kitu. Mimi nilidhani nimemshika vidole vinne. Kumbe mkono wangu ulikuwa umelala, hausikii, nimemshika vitatu. Yule bwana alikubali haraka na kuondoka na ngamia kabla sijautoa mkono. Shemeji yako akanitazama kama mtu aliyemeza nzi. Nikamwambia nimefanya makusudi, mnunuzi ni maskini, analea mayatima, nimempunguzia kwa ajili ya Mungu. Maskini mwenye lori lake mwenyewe!

Wote walicheka isipokuwa wewe. Ulinivuta kando, ukaingiza mkono chini ya shali yako, ukasema, "Nishike vitatu." Nikakushika. Ukasema, "Hivyo ni viwili, walaal. Huu mkono umekufa." Nikakujibu umechoka kwa kusalimiwa na watu wengi.

Ukanipeleka hospitali. Ukakaa nami kwenye foleni kutwa nzima, kisha ukamwambia daktari kila kitu nilichokuwa nakificha: kwamba natembea kama mlevi, mimi ambaye sijawahi hata kunusa, kwamba vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu Halima, kwamba kuna moto unashuka kutoka shingoni hadi kwenye kidole gumba. Nilikununia hadi nyumbani. Lakini picha ya ile mashine kubwa ilikuunga mkono wewe. Diski za shingo zilikuwa zimetoka mahali pake, zinakandamiza neva. Daktari akasema nisipopasuliwa mkono utakufa kweli, na miguu itafuata. Nikamwambia sawa, ila afanye haraka, nina soko.

Ulinisindikiza hadi basi la Nairobi. "Rudi na mkono," uliniambia. "Mdomo unao wa kutosha."

Sikujua kwamba ndiyo basi tena.

Mimi nimelala kule na mrija mkononi, wewe moyo wako ukasimama hapa Galbet, nyumbani kwako, umekaa unatawadha kwa ajili ya alasiri. Hawakuniambia. Halima alizuia simu za watu akisema mzee hawezi kuzungumza, na hilo, Dubow, lilikuwa kweli tupu. Hawa madaktari hawapiti nyuma ya shingo. Wanapasua mbele, hapa kooni, wanalisukuma koo kando kama pazia ndipo wafikie mfupa. Nimeamka sauti imekwenda. Mimi! Wiki mbili nilizungumza kama paka aliyefungiwa kwenye gunia. Kumeza mate ilikuwa kama kumeza kifuniko cha jerikeni. Niliishi kwa uji na maziwa ya ngamia, kijiko kwa kijiko. Na niliporudishwa Garissa majirani walikuja kunijulia hali, wakagundua kwamba kwa mara ya kwanza wanaweza kumaliza hadithi zao mbele yangu. Wengine walirudi mara tatu.

Halima alinieleza habari yako siku ya pili baada ya kufika. Alifunga mlango kwanza. Nilikuwa nimevaa kola ya shingo, ile ngumu, inashika kidevu. Mtu akipewa habari kama hiyo huinamisha kichwa. Mimi sikuweza. Nilibaki nimetazama ukuta, wima kama askari wa gwaride, machozi yanaingia ndani ya kola. Sauti nayo haipo. Sikukuosha. Sikukubeba. Udongo sikutia hata konzi moja. Hapa naandika haraka haraka, nipite.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe tu ungelielewa. Huko hospitali, kila aliyevaa nguo nyeupe huuliza swali moja. "Mzee, maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi?" Sifuri ni hakuna, kumi ni yale ya kufa. Dubow, mimi ni dalali! Mtu ananiuliza bei kwa sauti, mbele ya watu! Mbele ya Halima, mbele ya mfagiaji, mbele ya yule mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa analia waziwazi na kusema nane! Nikasema mbili. Asubuhi mbili, jioni mbili. Siku moja alipokuja daktari mkubwa na wanafunzi wake, nikasema moja na nusu.

Basi nikapewa dawa za mtu wa mbili. Na hata hizo nilikuwa naziruka, ili Halima aone kopo limejaa aseme mume wangu ni simba. Na muda wote huo, katikati ya mabega, kulikuwa na mtu anapigilia vigingi vya hema. Anapumzika kidogo, anachagua kigingi kingine, anaendelea. Kulala ni kwa kuegemea mito minne kama bwana harusi. Nilikuwa nimeagizwa kutembea kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kufinya mpira, kukunja na kukunjua vidole. Sikufanya hata moja. Mwenye maumivu yale anafinya nini? Nikamwambia Halima nikifanya mazoezi misuli itapasua kola.

Na vidole vikaanza kukakamaa. Hapo ndipo nilipoogopa, Dubow, niliogopa kuliko siku ya kisu. Daktari alishafungua njia, kazi iliyobaki ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa naupoteza mkono kwa sababu ya kutotaja namba. Wewe ungekuwepo ungenitaja. Lakini ulikuwa umekwenda, na wa kusema ukweli wangu kwa niaba yangu hakuna mwingine.

Nikafanya upumbavu. Nilituma mtu amwite yule mzee wa Bute, mchomaji, yule anayechoma mishipa ya watu kwa chuma cha moto kama tunavyomchoma ngamia anayechechemea. Nilingoja Halima aende dukani. Mzee akaja, akawasha jiko uani, chuma kikawa chekundu kama macho ya mtafuna miraa. Nimevua shali, nimesoma bismillahi. Halima akaingia na beseni la maji ya kufulia. Hakuuliza. Alimwaga lote juu ya jiko, ua mzima ukawa mvuke.

"Wewe Mahat! Daktari ametia chuma ndani, wewe unatia cha moto nje? Unataka kuiva?"

Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe adeer, mzee wangu, beba hicho chuma chako ukachome ngamia. Huyu ni punda."

Mzee alikusanya vitu vyake kwa heshima. Mimi nilijaribu kucheka, nikakumbuka sauti sina.

Kesho yake Halima akanipeleka kwa Noor, kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitalini Garissa. Mtoto wa watu wa mbuzi, baba yake ni wa soko. Noor akanishika mkono, akaukunja, akaukunjua, uso wake ukabadilika. "Adeer, maumivu ni ngapi?"

"Mbili," nikajibu kwa sauti ya kukwaruza.

Halima akatazama dari. Noor akafungua kadi yangu: mbili, mbili, mbili, moja na nusu, mbili. Akasema polepole, "Adeer, mtu wa mbili haiti mchomaji."

Chumba kilikuwa na watu, mwanamke na mama yake, mzee mmoja mgonjwa wa mguu. Noor akawatazama, akanitazama. Halafu, Dubow, yule kijana akafanya jambo ambalo hakufundishwa chuoni. Alichukua shali yangu begani, akafunika mkono wake na wangu. Akangoja, kama mnunuzi mwenye adabu.

Nilimshika mkono mzima. Tano. Akaitikia kwa kichwa kidogo tu, akidhani tumemaliza. Nikamwachia, nikamshika tena. Vidole vinne.

Tisa.

Akanifinya mara moja kuhakikisha. Nikamfinya kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, ambazo zilikuwa za kifaranga. Akatoa mkono, akasema kwa sauti chumba kizima kisikie, "Adeer anaendelea vizuri sana, mashaallah!" Kisha akainama akaandika, na nikaona akitoka kwenda kumpigia daktari simu.

Dawa zikabadilishwa. Kuna moja ya neva, inaleta usingizi mtamu, unaweza kusinzia huku unajisifu. Nikaambiwa nimeze kwa saa, kabla mpigilia vigingi hajaamka, nisingoje hadi anishinde. Kuna moja kali ya siku chache tu, nayo hufunga choo, ikabidi nipewe nyingine ya kukifungua. Hiyo sehemu ina hadithi ndefu na ya kishujaa, lakini wewe ni marehemu, nakuheshimu.

Kila wiki tukawa tunafanya biashara yetu chini ya shali, mimi na Noor. Tisa. Saba. Wiki moja ikapanda nane, kwa sababu niliinua jerikeni ili jirani aone. Noor hakunigombeza mbele ya watu, alinibana kidole kimoja hadi nikaelewa. Kisha tano. Kwa hiyo nikaweza kutembea, kwanza hadi kwenye geti, halafu hadi msikitini na kurudi. Naswali kwenye kiti, safu ya nyuma, na nimewaeleza wazee wengine kwamba kile kiti ni cha wageni wa heshima. Mpira nafinya mpaka unalia. Siku nilipofunga vifungo vyote vya shati mwenyewe nilianza kabla ya chai nikamaliza jua limeshapanda, kisha nikasimama nje barabarani nionekane. Hakuna aliyeuliza. Nikawaambia.

Nilikuja kaburini kwako bado nina kola. Walinionyesha, nikasimama pale nikakusalimia, lakini kutazama chini siwezi, kwa hiyo nilikuombea dua nikiwa nimetazama ua wa miba na mbuzi wa watu. Unisamehe. Haikuwa kiburi, kwa mara ya kwanza.

Kola sasa imetoka. Jumatano iliyopita Noor aliniruhusu kwenda sokoni, kutazama tu, nisivute kamba na nisisukumwe. Nilitazama kidogo. Kisha mtu wa Wajir akatupa shali juu ya mkono wangu, na mkono ukajibu wenyewe. Nimemshika vidole vinne. Akatazama juu, akafikiri, akasema, "Vinne ni vingi, mzee." Vinne! Alivisikia vinne! Niligeuka kukuambia. Nimegeuka na mwili mzima, maana shingo bado haizunguki sawasawa, na pale unaposimama wewe siku zote kulikuwa na mtu anauza kamba.

Nilinunua kamba. Sina hata ngamia.

Basi, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru ndani yake. Mkono nimerudi nao, kama ulivyoagiza. Nitakuja tena shingo ikiweza kuinama, nikutazame vizuri, na niking'oe hicho kichaka cha miba pembeni yako, si kizito. Na nakuahidi hili: nikiulizwa maumivu yangu nitasema namba ya kweli, kwa mdomo, mbele ya yeyote, bila shali.

Na kwa kuwa nimeahidi, nianze na wewe. Leo nimeamka na mbili. Mbili ya kweli, ya halali, ya kwanza tangu nipasuliwe. Halima ameniuliza, nikamwambia saba. Ikiwa saba ananikanda mabega kwa taulo ya maji moto na kunichania ndevu. Maji yameshachemka, nasikia anakuja nayo, na sijui nitamwambiaje sasa.

Wako,
Mahat