Kampeni ya Mwisho, Kasulu

Jumatano, 8 Oktoba 1975
Uji wa ulezi, dawa ya presha, kisha Landrova. Mimi mbele, mpinzani wangu nyuma. Chama kimetupandisha gari moja ili asiwepo wa kujivuna. Jina lake Yotamu. Mwalimu, amefundisha Kibondo miaka mingi, mpole. Mimi ni mbunge tangu sitini na tano. Mikutano miwili leo. Makofi machache.

Jumamosi, 11 Oktoba
Buhigwe. Alama yangu ni nyumba, ya Yotamu jembe. Msimamizi alipoinua picha ya nyumba, mtu mmoja akapaza sauti: "Nyumba ipi? Ile mliyoibomoa?" Kicheko uwanja mzima. Mwaka jana mimi ndiye niliyepita milimani nikiwaambia wateremke wakakae vijijini. Niliamini. Bado naamini, nusu. Imeniuma.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kesho Titye. Shangazi Bukuru amehamishiwa huko. Dada wa baba, ndiye aliyenilea. Kabla ya Uhuru, nilipokuwa nazunguka na baiskeli kuuza kadi za Chama, nililala kwake, nikala kwake. Wakati ule nilihutubia kwa Kiha. Watu walicheka, wengine walilia. Tangu ahamishwe sijamtembelea. Vikao. Siku zote vikao.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimefanya vibaya.

Mkutano ulijaa. Sheria ya kampeni ni Kiswahili tu, na msimamizi, mtu wa Mtwara, anaishika kama amri ya Mungu. Ulipofika wakati wa maswali shangazi akasimama. Akauliza kwa Kiha. Migomba yake imebaki kule juu, inazaa, ngedere wanakula. Je, anaruhusiwa kwenda kukata mkungu?

Msimamizi akanigeukia. "Mheshimiwa, Kiswahili tafadhali."

Nikajibu kwa Kiswahili. Kamati ya kijiji. Utaratibu. Kilimo cha ujamaa. Nilisema sana. Shangazi hajui Kiswahili. Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza, akaketi.

Neno moja la Kiha lingetosha. Nenda.

Mkutano ulipokwisha nilikimbilia garini. Kwenye kioo nikamwona Yotamu amechuchumaa mbele ya shangazi, wanazungumza. Yeye, si mimi. Najichukia.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimepiga kura. Mvua tangu asubuhi.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimeshindwa. Vibaya. Hata Titye.

Yotamu amekuja nyumbani. Amenipa mkono huku ameushika kwa mkono wa pili, kama mtoto kwa baba yake, akaniita mzee. Nilitafuta dhihaka usoni mwake, sikuiona. Afadhali ingekuwepo. Alipoondoka mke wangu akasema, "Basi sasa utalala nyumbani." Kisha akaingia jikoni. Sikujua kama amefurahi. Zamani ningejua.

Kanuni za Bunge nazijua kwa moyo. Nani amezaliwa kwetu, nani amekufa, sijui.

Jumamosi, 8 Novemba
Titye, kwa lori la chumvi la Uvinza. Nimekaa juu ya magunia na abiria wengine. Hakuna aliyenipisha, wala sikutarajia.

Shangazi hakuuliza kilichonileta. Alichukua panga, tukapanda mlima polepole, anapumzika, napumzika. Yotamu alimwambia aende tu akakate, naye amekuwa akienda. Nyumba yake ya zamani imebaki udongo na magugu. Migomba imesimama.

"Siku ile ulisema Kiswahili kizuri," akaniambia kwa Kiha. "Niliwaambia wenzangu, huyo nimemlea mimi."

Akakata mkungu. Akapangusa panga kwenye jani. Kisha akauliza, bila hasira:

"Lakini ulinijibu nini?"

"Sikukujibu, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanitwika mkungu begani, tukateremka, yeye mbele.