Masanduku ya Mzee wa Stanmore

Ilford, London

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Vipi goti lako? Shangazi Zuhura aliniambia kwenye simu kuwa unapanda ngazi za skuli kwa kushikilia ukuta, na tangu siku hiyo sina raha. Niambie kweli, usinifiche kama unavyowaficha wengine. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Saada kazi zake za ofisini zinaendelea, na Asya amerefuka, anakaribia kumpita mama yake. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri, lakini jibu linatoka kwa Kiingereza. Baridi mwaka huu imetushika mapema.

Haya ninayokuandikia nilitaka kukwambia kwa simu, nikashindwa. Basi kaa kitako usome polepole.

Unajua kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Tangu mwaka jana ejensi imenipeleka Stanmore kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa rais wa nchi moja ya bara huko kwetu Afrika. Nchi yenyewe siitaji kwenye barua. Alipinduliwa, akakimbilia huku na binti yake, Bi Estela. Miguu imemfa ganzi na mkono mmoja hauna nguvu, kwa hiyo namwosha, namvisha, namlisha. Tunazungumza Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha Pemba, na hucheka kila nikisema "miye". Nilimpenda, Dada, sikufichi. Alikuwa mpole, na hakuna siku niliyomwekea sahani asiniulize kwanza kama mimi nimekula.

Asubuhi moja nilikuwa namkorogea uji, kengele ikalia. Nikafungua mlango nikawaona polisi wamejaa nje, wengine bila sare. Mkubwa wao, mtu wa maneno ya taratibu, akanionyesha hati ya mahakama ya kuipekua nyumba. Serikali mpya ya nchi ya yule mzee ilikuwa imelalamika kwamba alipokimbia alibeba nyaraka za siri za dola. Hati ilitaja chumba cha chini anachosomea, basi. Walikipekua chote wasipate kitu. Kisha yule mkubwa akaja mpaka kwenye ngazi niliposimama, akaniuliza kama wanaweza kupanda juu. Nikamjibu kuwa mzee amelala. Akanitazama tu. Nikasogea pembeni.

Wakapanda. Wakavuta masanduku mawili chini ya kitanda ambacho nakitandika kila siku, na mimi sikuwahi hata kuinama nikatazama. Mzee alikuwa amekaa na nguo zake za kulalia, miguu wazi, anawatazama watu asiowajua wanageuza mito yake. Nikamfunika blanketi.

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Wakili wa mzee alikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba upekuzi wa juu haukuwa halali, maana hati haikuutaja, na masanduku yarudishwe kabla hayajafunguliwa. Wakili wa upande wa pili akasema nyaraka za siri ni mali ya dola, haziwi za mtu kwa sababu tu aliwahi kukalia kiti. Isitoshe, akasema, polisi walipanda kwa ruhusa. Ruhusa ya nani? Yangu mimi, Dada. Nikaitwa shahidi.

Kabla ya siku ya kesi Bi Estela alinikalisha jikoni. Akanitaka niseme kwamba niliwazuia, kwamba nilisimama kwenye ngazi nikakataa kabisa. Nikamwambia sikukataa. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba karatasi zile zikifika kwao baba yake atadaiwa arudishwe, atafia jela, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka. Asubuhi ya kesi Asya aliponiona nimevaa suti aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nimekamatwa.

Niliapa kwa Msahafu. Wakili wa serikali ile akaniuliza, je, niliwaruhusu polisi kupanda? Nikasema nilisogea. Akaniuliza kwa nini nilisogea kama sikuwa nikiwaruhusu. Bi Estela alikuwa amenikazia macho. Nikajibu lililokuwa kweli.

"Niliogopa. Nilipokuwa mdogo watu wa serikali walikuja kupekua kwetu. Baba aliwauliza wana hati gani, wakampiga mbele yetu, wakaondoka naye. Tangu siku ile, mtu wa serikali akija, miye nasogea."

Hata Saada nilikuwa sijamwambia hayo. Yalinitoka mbele ya watu nisiowajua.

Kilichofuata ndicho kilichonipiga bumbuwazi. Mawakili wale walisimama wakabishana juu ya kusogea kwangu kutwa nzima. Mtu akisogea kwa woga, amekubali au hakukubali? Huyu anasoma kitabu hiki, yule anasoma kile, na jaji, mama mmoja mwenye mvi, anaandika. Mimi nimekaa nawatazama, naliona godoro letu siku ile ya Baba lilivyochanwa, pamba imetapakaa mpaka uani. Nani aliuliza kama tumeruhusu? Jaji akaamua kwamba woga si ruhusa. Upekuzi wa juu ulikuwa batili na masanduku yarudishwe. Serikali ile ikiona nyaraka ni zake, ifungue kesi yake ya madai. Yule mkubwa wa polisi akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Nililia pale pale, Dada, na si kwa ajili ya mzee.

Nilipokwenda kazini tena nikayakuta masanduku ukumbini, yamefungwa kama yalivyoondoka. Nikampandisha mzee bafuni kama kawaida. Namsugua mgongo, akaniambia Estela amemsimulia habari za baba yangu.

"Alirudi?" akaniuliza.

"Hakurudi."

Kisha akasema, "Kwetu walikuwa wananiletea hati za kupekua kwa mafungu. Nilizitia saini zikiwa tupu. Majina waliyajaza wao baadaye. Nilikuwa na kazi nyingi."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula. Mkono wangu ukasimama mgongoni mwake. Maji yalikuwa yanapoa, nikamsuuza, nikamfuta, nikamvisha, nikamlisha uji mpaka ukaisha. Ndipo aliponiomba niyapandishe masanduku, niyarudishe chini ya kitanda.

"Kazi yangu ni wewe, Mzee," nikamwambia. "Hayo yatafutie mwengine."

Hakunilazimisha, na mimi sikuyagusa. Yalibaki ukumbini mpaka Bi Estela alipokuja akayakokota mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, na mimi nikawa nasikia kila yanapogonga.

Saada anasema niombe ejensi inihamishe. Sijaamua. Asiyeweza kujiosha lazima apate wa kumwosha, na huyu nimeshamzoea mwili wake. Namwosha, ila mazungumzo yamenikauka. Naye haulizi.

Sasa nina ombi. Siku ile kwetu mimi nilijificha nyuma ya mtungi, sikuona vizuri. Wewe ulikuwa mkubwa, ulikuwa umesimama karibu na Baba. Naomba uniambie kama yule mtu alikuwa na karatasi yoyote mkononi. Na kama alikuwa nayo, ilikuwa na saini? Usipoweza kuandika, niambie goti lako linaendeleaje tu, nami nitaelewa.

Msalimie Shangazi Zuhura na wote wa nyumbani kwake. Msalimie Ami Khamis, mwambie dawa ya macho nimempa jirani anayekuja huko, na Mwalimu wako mkuu aliyekupunguzia vipindi, mwambie namshukuru. Mama mbusu mikono yote miwili. Mwambie nimeandika, ni mzima, nakula vizuri na mjukuu wake anakua. Barua hii usimsomee.

Mdogo wako,
Hamadi