Dripu Mbili za Baba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, maana wa kuniitikia hayupo.

Mama, nimekwama. Baba ana saratani ya mapafu, imeshasambaa. Kule Dar wanamtundikia dripu mbili siku moja: ya kemo, dawa ya kuua saratani, na nyingine ya kuamsha kinga ya mwili ili nayo ipigane. Baada ya mzunguko wa tatu wa dripu ungemwona! Kikohozi kimepungua, anatembea mpaka relini na kurudi, ananitania eti nanenepa kwa kumalizia uji wake.

Sasa leo siku ya nne anaharisha. Daktari alituonya kwamba ile dawa ya kinga huweza kugeukia utumbo wa mgonjwa mwenyewe. "Akiharisha tu, nipigie siku hiyohiyo." Na mimi, mjinga mimi, nikamchemshia majani ya mpera. Kesho yake nikachemsha tena. Jana nikaona damu.

Nikashika simu, Baba akanikamata mkono. "Watanisimamishia dripu, na dripu ndiyo inayonipa pumzi. Ukimwambia daktari, sina radhi nawe." Radhi, Mama! Baba ambaye hajawahi hata kunikaripia.

Unakumbuka Mikumi? Tunachoma mahindi pale mabasi yanaposimama, wewe unapepea jiko kwa mkono mmoja, mwingine umeubana ubavuni. Nikakuuliza una nini. Ukanionyesha uvimbe kwenye titi, ukasema, "Usimwambie baba yako mpaka tuvune mpunga." Kisha ukanichagulia hindi laini kuliko yote. Nikala, nikanyamaza. Tulivuna, Mama. Magunia yalijaa sebuleni, na wewe ukawa huwezi hata kukaa, mpaka tukakuzika.

Nimekukasirikia miaka yote hii, leo nakwambia. Nakupenda, na nimekukasirikia. Ulinifundisha kunyamaza, nikadhani ndiyo adabu.

Naogopa jamani. Wakisimamisha dripu na ugonjwa ukarudi, atakufa hataki kuniona. Nikinyamaza, atanifia mkekani huku akinisifu kuwa mtoto msikivu.

Nimeshapiga, Mama. Daktari amesema tumwahishe hospitali leo hii, gari lipo mlangoni. Baba amepanda, amegeukia dirishani. Nimemwinamia, nimesema shikamoo Baba. Mara tatu. Hajaitika.

Niitikie wewe.

Mwanao uliyemzoesha kutunza siri