Jozi Haitenganishwi

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo nitaandika kila kitu, hata yale yanayoniaibisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema shajara inayoficha mambo ni sanduku tupu lenye kufuli. Basi naanza na ukweli: leo saa sita mchana nimemkuta Shangazi amelala jikoni. Amesimama! Mwiko mkononi, macho yamefumbwa, uji wa mbwa unaungua.

Mimi na Baba tunaishi kwake. Baba ni mdogo wake, dereva wa lori. Uani ndipo penye kituo cha Shangazi cha mbwa waliotupwa, na mimi ndiye karani: naandika matangazo, najaza fomu. Mbwa walikuwa kumi na mmoja. Wanane wamepata kwao. Wamebaki watatu, wale ambao watu huwatazama, wakasema "maskini!" na kuaga. Kigoda ana miguu mitatu. Mkaguzi haoni, hugonga kila kitu kimoja kimoja, kama anayehakikisha bado kipo. Hakimu ni kiziwi. Shangazi alimpa jina hilo kwa kuwa hana upendeleo — hasikii upande wowote.

Wamebaki watatu, lakini Shangazi bado anapika uji wa kumi na mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa mifugo alikuja kumchoma Kigoda sindano. Alimtazama Shangazi zaidi kuliko Kigoda.

Siku hizi Shangazi haongei sana. Amezoea kumwelekeza Hakimu kwa mikono, sasa anatuelekeza na sisi. Leo aliinua kiganja akakishusha taratibu. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakaa.

"Dada, mimi si mbwa," akalalamika.

"Mbona umekaa?"

Tulicheka sote isipokuwa Shangazi. Zamani kicheko chake kilikuwa kinaamsha kuku wa jirani. Sijakisikia tangu mwaka jana.

Daktari alinivuta pembeni, kwenye ndoo. Akasema shangazi yangu amechoka hadi kwenye mifupa. Miaka tisa bila siku moja ya kupumzika! Mwezi uliopita alianguka bafuni, akatuambia alikuwa anatafuta sabuni. Daktari anasema akianguka tena huenda asiinuke kabisa, wala kutafuta kisingizio.

"Angekuwa mbwa, binti, ningejua la kufanya. Siku kumi na nne nyumba nyingine, asinuse hata harufu ya kituo. Lakini mtu utamfunga kamba?"

Nimelifikiria jambo hilo mpaka nikakosea hesabu mbili za kugawanya.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa! Mkono unaniuma lakini niliahidi kila kitu.

Asubuhi alikuja mzee mstaafu wa posta na mkewe. Wanamtaka Kigoda. Kigoda peke yake. Shangazi akawakalisha na kuanza maswali ya fomu, yote thelathini na moja. Swali la tisa ndilo huwaangusha wengi: mbwa akikojolea kiatu chako, utasema nini? Wiki iliyopita bwana mmoja alijibu, "Kiatu kipi?" Shangazi akamkataa papo hapo. Alisema mwenye viatu vingi vya kuulizia hana subira na mnyama. Huyu mzee wa posta alijibu kwamba angejilaumu mwenyewe kwa kukiacha sakafuni. Shangazi karibu atabasamu.

Kisha akawaonyesha kanuni ya nne, niliyoipigia mstari mimi mwenyewe: *Jozi haitenganishwi.* Mkaguzi hutembea ubavu wake ukigusa ubavu wa Kigoda. Kigoda akigeuka, naye anageuka.

"Umejuaje kuwa hawa ni jozi na si majirani tu?" mzee akauliza.

"Watenganishe siku moja," Shangazi akasema. "Wasipokula wote wawili, hiyo ni jozi. Akila mmoja, huyo mmoja alikuwa mgeni tu."

Mzee akakuna kichwa. Mkewe ndiye aliyekata shauri: "Mume wangu, macho mawili, miguu saba. Tugawane, tuende nyumbani."

Wakaenda na wote wawili!

Alasiri akaja mwalimu wa kwaya kumchukua Hakimu. Shangazi alimpenda tangu salamu. Anasema mtu anayeongoza watu arobaini kwa mikono hawezi kushindwa na kiziwi mmoja. Hakimu alipanda gari bila kugeuka nyuma. Shangazi pia hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kuosha mabakuli yaliyokwisha oshwa.

Kituo kitupu! Sasa atapumzika. Nimefurahi sana.

Jumapili, 9 Machi

Amepika uji wa kumi na mmoja.

Hakula chakula cha mchana. "Nimeshiba." Sijui ameshiba nini, maana hata chai hakunywa. Jioni mwalimu wa kwaya alipiga simu kuuliza kama ni kawaida ya Hakimu kususia bakuli. Shangazi akamwambia ni ugeni, utapita. Kisha akakaa ngazini akitazama lango.

Jumanne, 11 Machi

Hakimu amerudi!!

Mwalimu wa kwaya alimleta mwenyewe, ameinamisha kichwa kama aliyefeli mtihani. Nimesikia yote nikiwa nyuma ya pazia. (Najua si adabu. Lakini niliapa.) Alimpeleka mazoezini ili asibaki mpweke. Akashusha mkono ili sauti za juu zipungue — Hakimu akalala chini. Akainua mkono — Hakimu akasimama. Akazungusha kidole ili warudie kiitikio, na kumbe kwetu ishara hiyo ni ya kubingirika! Hakimu akabingirika hadi miguuni mwa wenye sauti nzito. Kwaya nzima ikacheka, wimbo ukafa, na tangu hapo kila akiinua mkono wanaanza kucheka kabla ya kuimba.

"Ni mbwa mwema, mama," alisema. "Ana nidhamu kuliko kwaya yangu. Ndiyo tatizo. Halafu hali chakula. Siku tatu, maji tu."

Nilitegemea Shangazi akasirike. Hakukasirika. Aligusa kifua chake, ishara ya "njoo". Hakimu akaja, akamlalia miguuni.

Hakimu akamaliza bakuli, akaomba jingine. Shangazi, ambaye tangu Jumapili hakuwa amegusa chakula, akala sahani mbili za wali, na ukoko.

Nikaenda kuichukua fomu. Nikasoma kanuni ya nne mara tatu. Nilikuwa nimekaa na jozi ya pili ndani ya nyumba hii muda wote huu, na mimi ndiye karani!

Alhamisi, 13 Machi

Simu imelia. Kuna mtu ana vitoto sita vya mbwa, kimoja kina mguu uliopinda. Shangazi akajibu, "Naam, walete Jumatatu," kisha akaegemea ukuta na kufumba macho. Simu akaifunika kwa bakuli.

Nikamkimbilia daktari wa mifugo. Amekubali kukaa na vile vitoto kwa siku kumi na nne. "Ya kumi na tano navirudisha kwa toroli," akasema.

Mahali pa kumpeleka Shangazi ni kwa Bibi, mama yake, ambaye yeye Shangazi hajaenda kumtembelea kwa miaka minne kwa sababu ya kituo. Nikampigia simu. Kwa kuwa kazi ni kazi, nikaanza na maswali ya fomu. Una uzio? Nyumbani mchana hubaki nani? Bibi alidhani ni watu wa sensa. Alinitajia wajukuu wote, pamoja na mimi, na akasema mimi ni mtiifu lakini mwembamba.

Nilipojitambulisha akacheka, kisha akalia kidogo. "Mwanangu aje hata leo hii! Lakini mbwa asikanyage kizingiti changu. Nimelea sita wenye miguu miwili, wametosha." Nikasema, "Lakini Bibi, huyu mbwa—" Akakata simu.

Nikamwambia Shangazi. Naye akasema, "Bila Hakimu siendi popote."

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi amefunga begi. Amelifungua. Amelifunga tena. Nimechungulia: gauni moja, mabakuli mawili.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Baba anapeleka mzigo, atapita kwa Bibi, atarudi mchana. Bibi hukata simu akisikia neno mbwa, lakini karatasi huisoma mpaka mwisho, hata iliyofungia sukari. Basi nimejaza fomu. Nanakili hapa:

*Jina:* Shangazi. *Umri:* arobaini na saba. Yeye husema arobaini na mbili. *Afya:* hana homa, amechoka. *Chakula:* hula akidhani hatazamwi. *Anaogopa:* simu. *Tabia mbaya:* hupanga upya sufuria za watu. *Amri anazozijua:* njoo — ndiyo. Kaa — bado. *Anahitaji:* mtu wa kumwambia "pumzika" na asiyekubali ubishi. *Muda wa majaribio:* siku kumi na nne. Asipofaa, tunamrudisha nyumbani, hatuulizi neno.

*Jozi?* Ndiyo, yeye na Hakimu. Tumewatenganisha siku tatu. Hawakula wote wawili.

Baba anapiga honi. Shangazi amekaa langoni juu ya begi lake, hajui nimeandika nini. Hakimu amekaa juu ya miguu yake. Nimebakiza nafasi ya mstari mmoja chini ya fomu, nami nimeandika hivi:

Shikamoo Bibi. Naomba jibu lirudi na Baba leo leo. Uliowalea walikuwa sita wenye miguu miwili. Je, kizingiti chako kinaweza kuvumilia miguu sita tu, kwa siku kumi na nne?