Chebet na Kompyuta Yake

Rael dada yangu, chamge?

Mimi niko mzima hapa Kericho, ila mvua ya mawe inapiga bati la hoteli mpaka wasomi wa mkutano wanaongea kwa kelele kama wako sokoni. Leo Chebet wangu aliwaonyesha umbo la protini. Nikangoja maharagwe. Kumbe ni kitu kidogo cha ndani ya mwili, na kwa picha ya ukutani kinakaa kama uzi uliochezewa na paka! Walipiga makofi.

Kisha mzee mmoja aliyevaa tai akasema, "Umbo kama hilo nililitafuta miaka mingi. Sasa kompyuta inalipata kabla chai haijapoa."

Nilishtuka. Nikakumbuka vile mashine ya kuchuna chai ilikufukuzisha kazi. Nikamvuta Chebet kando. "Mwanangu, watakufuta kazi?"

Akacheka. "Hapana, mum. Mimi ndiye nafundisha hiyo kompyuta."

Dada, kumbe nilichuna chai nikasomesha mtu wa mashine!

Jumamosi nakuja naye. Mkumbatie, mpe ugali na maziwa ya mursik. Akishiba, muulize wale watakaofutwa kazi na hiyo kompyuta watakula nini, maana mimi mama yake nilishindwa kumuuliza.

Mungu akufunike, mpenzi.
Dada yako, Mama Chebet