Nilimnunua Dirishani, Sasa Nikamkane Ofisini?

Shangazi Aglaia mpendwa,

Ilinca wangu, ana miaka mitatu, hivi punde amefanya jambo lililonitoa machozi mikono ikiwa bado na unga. Nilimpa ugali na jibini ya kondoo, nikageuka kuepua sufuria, kugeuka tena hayupo, nikatoka nje namtafuta, nikamkuta uani kwa jirani amepanda juu ya ndoo chini ya dirisha la Culai, anasukuma matonge yake kwenye upenyo wa kioo kilichovunjika, moja moja, na ananong'ona, "Kula Ursa, kula haraka, nitamwambia mama nimemaliza." Na kutoka ndani kamkono kanatokea kanachukua. Shangazi, mtoto wa miaka mitatu! Basi nimeketi nakuandikia, maana ukurasa wako nausoma kila gazeti likifika dukani, hata likiwa limefungiwa samaki, nimeona unavyowajibu watu, unawachapa kidogo halafu unawasaidia, na mimi nichape tu lakini nisaidie, maana jema na baya vimenichanganyikia sijui nishike lipi.

Ngoja nianze na Ursa mwenyewe. Huyu ni mtoto wa Chiva, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ana miaka mitano, jina la ubatizo ni Sorina. Baridi ya mwaka juzi, baba yake amezikwa hata udongo haujashikana, mtoto akapatwa na homa na degedege, daktari akatoa dawa, homa inashuka inapanda, inashuka inapanda, mpaka wanawake wakasema huyu auzwe. Wewe ni wa huku huku kwetu, unajua. Chiva akampitisha dirishani, mimi nimesimama nje kwenye theluji nikampokea, nilichaguliwa mimi kwa sababu Ilinca alikuwa mchanga na mzima ana mashavu, nikatoa sarafu, nikasema, "Nanunua dubu," Chiva naye akasema, "Chukua dubu, mimi sina mtoto," na kuanzia hapo akaitwa Ursa, jina la dubu, ili ugonjwa ukirudi kumtafuta Sorina umkose. Akapona. Mama mkwe anasema ni dirisha, daktari anasema ni dawa, mimi nashukuru kote kote. Lakini ndiyo hivyo, ananiita mama, na mama yake mzazi anamwita Chiva, na mtoto wa kununuliwa hakanwi, ukimkana mbele ya watu ugonjwa unasikia, sote tumekua tukiambiwa hivyo.

Mwaka jana baada ya Pasaka Chiva akaenda Italia kumtunza bibi kizee asiyeinuka kitandani. Nilimwambia, "Niachie Ursa." Akasema, "Saveta, wewe mwenyewe unaishi kwa mama mkwe, chumba chenu mnapishana kuvaa. Culai ni kaka yangu, damu yangu." Ofisi ya kata hakwenda kusema kwamba anaondoka na mtoto anabaki kwa nani, na sheria inataka hivyo, hata mwalimu wa chekechea alimkumbusha, lakini Chiva alinijibu, "Ukiwaambia wanaandika, na wakiandika wanachukua." Na si yeye peke yake, kina mama wa hapa walioko Italia wote wameondoka hivyo hivyo, kimya kimya na begi mkononi.

Culai si mtu mbaya akiwa hajanywa. Shida ndiyo hiyo, akiwa hajanywa. Anakata miti msituni, asubuhi ambayo hakumpeleka chekechea anamfungia mtoto ndani na ufunguo anautia mfukoni, ukimuuliza anasema, "Bora afungiwe kuliko akanyagwe na lori." Na jiko la kuni linawaka mle ndani! Karibu na mavuno ya zabibu Ursa alifika chekechea kiganja kimeungua, kimefungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Mwalimu akampigia Bi Otilia wa ustawi wa jamii. Huyu Bi Otilia ni mmoja kwa kata nzima, gari hana, anaomba lifti, na siku ile alikuja na gari la mkate. Kwa Culai akakuta kufuli, mwenyewe hakuwa amerudi kutoka msituni, na Ursa alikuwa ametoka chekechea moja kwa moja akaja uani kwangu.

"Huyu ndiye Sorina wa Chiva?"

Ursa akajificha nyuma ya aproni yangu. "Mimi Ursa. Na mama ni huyu hapa."

Bi Otilia akanitazama. "Mama?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda anachoma pilipili za kusindika, akakohoa kile kikohozi chake ninachokijua. Nami nikasema, "Ni wangu. Nilimnunua."

Shangazi, alicheka kwa raha kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. "Dirishani? Hata baba yangu aliuzwa, amezeeka mpaka leo anaitwa Lupu, mbwa mwitu, na meno hana! Basi Chiva amekuachia wewe, si yule kaka yake?" Dereva wa mkate akaanza kupiga honi. "Anakula kwako? Analala kwako?"

"Anakula," nikasema, na hilo ni kweli. La kulala sikulijibu, niliinama nikamfuta Ursa kamasi.

"Mungu akuzidishie, dada. Wote wangekuwa kama wewe nisingekonda hivi. Mkono huo mpeleke kwa nesi." Akaandika huku anatembea, akapanda kwenye mikate yake, akaenda. Na mimi nimesimama pale, nilikuwa namngoja aulize tena ili nimwambie, hakuuliza tena.

Jioni Culai akaja getini. "Leta mtoto."

"Culai, leo mwache alale hapa."

"Mmefungua hoteli siku hizi? Mtoto ana kwao."

Gelu, mume wangu, akanivuta mkono, "Mpe, Saveta, ni mjomba wake, sisi ni nani?" Nikampa. Mchana ni wangu, jioni nikampa.

Sasa mwalimu amepiga tena ofisini akaambiwa jambo hilo limeshaangaliwa, mtoto yuko salama kwa jirani anaitwa Saveta, na mwalimu akanifuata dukani akanibusu mashavuni kwa furaha, na Saveta ndiye mimi, na mtoto hayuko kwangu, anafungiwa kule kule. Mama mkwe anasema, "Nenda kamkane ofisini, halafu utakuja kumzika, usiniite." Gelu anasema nikikiri kwamba sikusema kweli watageuka kumwangalia na Ilinca wetu. Tena anaogopa yale makao ya watoto ya mjini, binamu yake alilelewa huko zamani zile, ni mtu mzima ana ndevu na bado anakula amekumbatia sahani. Chiva anapiga simu Jumapili, "Ursa wangu anakula?" Namwambia anakula. Nikimwambia mengine ataacha kazi, na kazi ndiyo inayomlisha huyo huyo Ursa. Nikisema naharibu, nisiposema naharibu, usiku, mchana, nikikanda unga nawaza hilo hilo. Lakini nina matumaini Shangazi, naamini iko njia ambayo mimi kwa darasa zangu chache siioni, na liko jambo moja sijamwambia hata Gelu, nalo ni kwamba, ah, Costel wa maziwa huyo anaita, "Saveta weee! Maziwa yatakuwa jibini, leta hiyo bahasha au naondoka!" na yeye ndiye anayeipeleka mjini, nakuja Costel, nakuja, ni kwamba mimi nataka Ursa


AGLAIA ANAJIBU

Saveta,

Sentensi yako imefika bila mkia, nitakuwekea mimi: unataka Ursa abaki kwako. Siku nyingine lianze hilo, utaniokolea miwani. Kumtaka mtoto si wizi, mwanangu, na hukuwa na sababu ya kulificha mwisho wa barua.

Umeomba nikuchape. Haya, kaa sawa. Culai amefunga mlango mmoja kwa ufunguo mmoja. Wewe, kwa kuinama kufuta kamasi, umefunga ofisi nzima. Mwalimu yule alikuwa amemfungulia mtoto njia, na leo akipiga simu anajibiwa kwa jina lako. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe hujamchelea hata mtoto, umechelea kikohozi cha mama mkwe.

Bi Otilia naye simwachi. Ukiambiwa mtoto anakaa hapa, unaomba uonyeshwe kitanda chake, na honi ilie mpaka betri ife. Ila mwanamke mmoja kwa vijiji vyote hivyo, bila gari, anazunguka juu ya mikate ya watu, habari njema ikimjia ataikumbatia hata kama ina tundu. Waliomtuma hivyo nao wanastahili fimbo, lakini hao ukurasa wangu hawausomi.

Kuhusu kukana. Mimi nimeuzwa mara mbili, dirisha la kwanza halikufaa, kwa hiyo usinifundishe. Mnunuzi hupewa mtoto ili aishi. Hakuna bibi hata mmoja katika bonde hili aliyewahi kusema mnunuzi afumbe mdomo. Mwulize mama mkwe wako swali langu: huo ugonjwa unadanganyika kwa jina, je, na moshi? Moshi hauulizi mtu anaitwa nani.

Sasa sikiliza.

Mpigie Chiva leo, usingoje Jumapili. Mwambie mkono umeungua, mwambie kufuli, mwambie pombe. Atapiga kelele, atakutukana, huenda atakata simu. Mpigie tena. Ni mama, ana haki ya kujua kabla ya ofisi, na yeye ndiye anayeweza kusema kwa mdomo wake nani amlee mtoto wake hadi arudi, na mahakama ikathibitisha. Ile karatasi aliyoikimbia ndiyo ingekuwa kinga yake. Wenzake wote walioondoka kimya kimya na begi, kama mnanisoma huko mliko, na ninyi nawaambia.

Kisha nenda ofisi ya kata, na ukiogopa kwenda peke yako mchukue mwalimu. Sema maneno machache: mtoto anakula kwangu, halali kwangu, anafungiwa peke yake na moto unawaka, nilinyamaza, nimekuja kusema. La dirisha usilirudie, wameshalicheka. Halafu, kabla hujaondoka, sema lile ulilolikata: tunaomba awekwe kwetu. Mtoto mdogo hutafutiwa kwanza ndugu au familia iliyo tayari, lakini familia isiyojitaja hawawezi kuiota ndotoni. Watakuja kukagua. Chumba ni kidogo, waambie ni kidogo, usihamishe makabati ya jirani ili waone pakubwa.

Gelu, najua unasoma begani kwa mkeo. Umeuliza ninyi ni nani. Ninyi ndio watu pekee ambao mtoto huyo hukimbilia aproni yao. Bila sahihi yako mkeo anajisumbua bure, kwa hiyo vaa koti uende naye. Na Ilinca hawatamchukua kwa kosa la kugawa chakula chake.

Hadi hapo, mkabili Culai asubuhi, kabla hajaonja kitu, na Gelu awepo: atuachie mtoto akienda msituni. Akikataa, na ukamkuta amefungiwa na moto unawaka, usimpelekee matonge. Piga simu polisi, na mlango uvunjwe. Mlango uliovunjwa hutengenezwa kwa misumari.

Sitakudanganya. Huenda wakampeleka kwa familia nyingine, kijiji kingine, kwa sababu wao wana mizani yao na chumba chenu ni hicho. Utalia. Lia, na bado utakuwa umefanya sawa, kwa kuwa uliyekwenda kumwombea ni yeye.

Na ukishamaliza kusema, Bi Otilia atafunga faili, atakushukuru, atasema, "Nitapita." Usiinuke. Mwulize atapita siku gani. Atakwambia ana vijiji vingi, atakwambia gari, atakwambia barabara imejaa matope. Yote ni kweli, mwitikie yote, na uendelee kukaa kwenye kiti hicho mpaka aitaje siku.

Aglaia