Kofia ya Ambrose

Rebeka, uko peke yako? Usisome mbele za watu.

Tumetoka kliniki sasa hivi na mume wangu. Nesi kamuuliza anaumwa nini. Ambrose kakohoa, kasema, "Kofia inabana, haivuliki."

KOFIA, Rebeka!

Nesi akaitazama ile kofia yake ya sufu. "Ivue tu baba, humu ndani hakuna baridi."

Ambrose akaivua, akaonyesha chini. "Siyo hii, sista."

Akapimwa. Govi limebana. Nesi akasema lazima tendo la ndoa limuume.

Mwaka mzima ananigeuzia mgongo! Na mimi nasali novena, yule hawara niliyedhani anaye huko Makambako afe.

Kumbe nilikuwa naliombea kifo govi.

Haya, sala imejibiwa. Linakatwa Jumatatu.